Ubishi wa Mkunguni

Wallahi hapa Lamu ile mechi ya sataranji ya Singapore ya 12 Desemba 2024, ya ubingwa wa dunia baina ya Gukesh wa India na Ding Liren wa China, bado inatugombanisha. Siku hiyo tulijibanza kwenye simu moja pale Mkunguni, wengi wetu wacheza dama, tushakubaliana ni sare na kesho watamalizana kwa michezo ya kasi. Mara Ding, hatua ya 55, akakosea, akapeleka kete yake ya ngome nyumba ya f2! Ami mmoja aliyekuwa akipuliza kahawa akabaki na kikombe mdomoni.

Ngome zikaliana. Gukesh akaleta tembo wake d5, akamkabili tembo wa Ding aliyejibanza kule pembeni a8. Hana pa kukimbilia, lazima waliane. Wakabaki wafalme na askari, na Gukesh ana askari mmoja zaidi. Kwisha! 7.5 kwa 6.5, Gukesh akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18, akalia pale pale mezani. Kasparov, bingwa wa zamani, alilichukua taji hilo akiwa na 22.

Eti Gukesh kapewa taji bure? Siafiki hata kidogo. Aliyekataa sare akaendelea kumbana mwenzake kwa askari mmoja tu ni nani? Ami yeye ni wa Ding mpaka kesho. Ukimtajia f2, anahama baraza.