Nilivyoyatembelea mahame ya Elkmont, pamoja na ushauri wa kupuuza

Nianze na dawa ya mwinuko. Niliposema hapa Moshi kwamba nikiwa Tennessee, Marekani, nitapita Elkmont, mji wa mapumziko uliohamwa ndani ya Hifadhi ya Great Smoky Mountains, mtu mzima na akili zake, anayepandisha wageni mlimani, akaniambia nibebe Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Elkmont iko kama mita 650 juu ya bahari. Stendi ya Moshi imeizidi! Hata Kuwohi, kilele kirefu kuliko vyote katika hifadhi ile, kina mita 2,025. Mwinuko huo anayepanda Kilimanjaro kutoka geti la Marangu anaupita kabla hajafika kambi ya Mandara. Beba koti la mvua, dawa iache nyumbani.

Ushauri wa pili ulikuwa kwamba nitalipa getini na kupewa mwongozaji. Sisi tumezoea hivyo, Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji na Meru lazima askari mwenye bunduki awe mbele. Kule hakuna geti la kiingilio, unaingia tu. Wanacholipisha ni maegesho: gari likisimama zaidi ya dakika 15 liwe na kibali cha kuegesha, dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki. Wengi wanaumbuka hapa, kwa sababu risiti ya kwenye simu haihesabiki. Kinatakiwa kikaratasi chenyewe, kionekane kupitia kioo cha mbele. Changu nilikichukua kituo cha wageni cha Sugarlands, nje kidogo ya Gatlinburg.

Kutoka Sugarlands unashika barabara ya kuelekea bonde la Cades Cove, kama kilomita nane, kisha kushoto penye kibao. Ukikaribia kambi ya mahema usiingie, kata kushoto kabla ya kibanda cha askari. Jumamosi fika asubuhi, ukichelewa hadi saa nne utazunguka ukitafuta nafasi.

Sasa hoteli ya Wonderland, iliyokuwa palepale Elkmont. Video zote nilizotumiwa zilikuwa zake: jengo jeupe, baraza ndefu, milango inaning'inia. Ilijengwa 1912 na ikaanguka yenyewe 2005. Anayekwambia ukaipige picha hajafika huko miaka ishirini. Kilichobaki ni ngazi na misingi.

Inafaa kujua kwa nini paliachwa, maana ndipo unapoelewa unachokiona. Elkmont ilianza 1908 kama kambi ya kampuni ya kukata miti. Matajiri wa Knoxville wakafuata kwa treni hiyohiyo ya magogo, wakaanzisha klabu yao ya Appalachian na kujiwekea nyumba za mapumziko. Hifadhi ilipoanzishwa 1934, wenye nyumba walikuwa wamekubali kuuza kwa bei ya chini ili waruhusiwe kuendelea kuzitumia. Mikataba mingi ikafikia ukomo 1992. Kuanzia hapo nyumba zikakaa bila mtu huku wakubwa wakibishana kama zibomolewe au zitunzwe, na nyumba ya mbao isiyopandwa na fundi paani haisubiri kikao. Uamuzi ulitoka 2009: majengo 19 yabaki, mengine yaondolewe.

Yaliyobaki mengi yako mtaa wa Daisy Town, njia ya kwenda Jakes Creek, na mengi unaingia bure hadi ndani. Usipite mbio. Baadhi ya nyumba hizi kiini chake ni vibanda vya wakata miti, vilivyoletwa juu ya behewa na kushushwa kando ya reli. Mwenye pesa akaunganisha viwili au vitatu, akaongeza baraza na jiko. Simama mlangoni katikati ya vyumba, tazama dari na sakafu: pale urefu unapobadilika ghafla ndipo kibanda kimoja kilipokutana na kingine. Na kuta nyingi hazina nguzo ndani. Ni mbao zilizosimamishwa wima, nyufa zikazibwa kwa papi, basi.

Sehemu niliyoifurahia zaidi watu wanaipita bila kuiona. Ukifuata njia ya Little River, nyumba zilibomolewa lakini dohani za mawe ziliachwa zikiwa zimesimama msituni. Mimi natafuta dohani kwanza, kisha nageuka kutazama njia: kwa kawaida kuna ngazi za mawe zinazopanda kutoka hapo, na ukiziunganisha kwa macho unapata mlango wa mbele na sebule. Mwezi wa Machi maua ya njano yaliyopandwa na wenyewe bado yanachipua mstari ulionyooka, nayo hukuonyesha ukingo wa bustani. Mkono usiutie kwenye mianya ya mawe, maana hifadhi ile ina nyoka wa sumu wa aina mbili.

Dubu wapo kweli. Sheria ni mita 45 kati yako na yeye, na chakula kikae ndani ya gari lililofungwa. Maji ya mto chemsha, hata yakionekana kama ya chemchemi.

Mwishoni mwa Mei hadi Juni vimulimuli wa pale huwaka kwa pamoja, na kwa siku kadhaa magari ya jioni huingia kwa bahati nasibu tu. Kama hukushinda, nenda asubuhi. Ramani ipakue ukiwa mjini kwa sababu mtandao hakuna, na mafuta jaza Gatlinburg, ndani ya hifadhi hakuna sheli hata moja.