Kabla Barabara ya Kilwa Haijakatika Tena

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara ya kutoka Dar es Salaam katika maeneo ya Somanga na Mikereng'ende wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa malori yaliyokuwa yakileta bidhaa Lindi na Mtwara yakakwama upande wa pili. Ipo njia ya kuzungukia Songea, Tunduru na Masasi, lakini ni ndefu na nauli ya mzigo hupanda. Katika hali kama hiyo kaya hula kile kilichomo katika duka la mtaa wake, na kwa sababu hiyo nasema kwamba kujiandaa na maafa huku kusini huanzia dukani.

Shida yetu iko kwenye majira. Fedha za korosho huanza kuingia kwa wakulima baada ya minada ya Oktoba, kupitia vyama vya msingi, na ifikapo masika nyingi zimekwisha kutumika. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili, Kenneth ya 2019 ilikuja Aprili, Hidaya, Mei. Katika miezi hiyo mwenye duka amekwisha kukopesha nusu ya mtaa kwa daftari, na mtaji wake umelala majumbani mwa wateja. Ukimkuta amebakiwa na kiroba kimoja cha sembe na dumu la mafuta lililofika chini, usimlaumu kwamba hajui biashara, kwani huenda sehemu ya mzigo wake uliila wewe.

Kwa hiyo deni la dukani lilipwe mara tu malipo ya korosho yanapotoka. Najua msimu wa fedha ni msimu wa sherehe, na simtarajii mzazi aache kumcheza mwanawe ngoma ya unyago au jando kwa ajili ya deni la sukari, ila alipe angalau sehemu. Vikoba navyo vingeweza kutenga mkopo wa mwezi Machi kwa wenye maduka na mama lishe, kwa sharti kwamba wanunue unga, maharage, chumvi, viberiti na mishumaa, wapandishe magunia juu ya chaga na kuhifadhi daftari la madeni ndani ya mfuko wa nailoni.

Kenneth ilipopinda na kuingia Cabo Delgado, nchini Msumbiji, wapo waliohitimisha kwamba tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni za kututisha tu. Mwenyekiti wa mtaa akizibandika dukani, ambako watu hufika kila siku, zitajadiliwa na kueleweka zaidi kuliko zikisomwa mara moja redioni.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha wauza vyakula kinachoomba mkopo huo kingefaa kuandika akiba ya masika ndani ya andiko lake la mradi, pamoja na mahali pakavu pa kuiweka.