Kamera yako inaishia wapi?

Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nyumba yangu, kamera yangu, nani atanizuia?" Ndani ya ukuta wako, mara nyingi hakuna. Shida huanza pale kamera inapovuka ukuta.

Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mtu wa Jamhuri ya Cheki aliyefunga kamera baada ya kuvunjiwa madirisha. Ilikuwa ikirekodi njia ya umma na mlango wa nyumba iliyo mkabala. Mahakama ikasema hayo si mambo ya nyumbani tu tena, sheria ya taarifa binafsi inamhusu. Ila ikakiri pia kwamba kulinda familia na mali ni sababu halali.

Ndiyo maana nikiwa bado juu ya ngazi humwomba mwenye nyumba atazame picha kwenye simu. Dirisha la jirani likionekana, nainamisha kamera. Isipowezekana, naingia kwenye mipangilio na kuliziba eneo hilo kwa kisanduku cheusi, lisirekodiwe kabisa.

Sauti ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Watu husahau kwamba kamera nyingi zina maikrofoni, nayo hunasa maongezi ya wapita njia wasiojua lolote. Mimi huizima kwanza; anayetaka iwashwe anieleze sababu.

Na chooni, bafuni au chumbani kwa msaidizi wa kazi sifungi, hata nikiahidiwa malipo mara mbili.