Jaribio lililofaulu kwa sababu isiyo yake

Mwaka jana niliandika mfumo mdogo wa kutunza hesabu za chama kimoja hapa Nairobi, na kwa miezi mitatu majaribio yake yote, yaani vipande vya msimbo vinavyoukagua mfumo wenyewe, yalikuwa ya kijani, ishara ya kufaulu. Kisha jioni moja mweka hazina akanipigia simu: "Mwanangu, huyu mwanachama ana shilingi 3,000. Ametoaje 5,000?" Nilifungua kompyuta nikiwa na hakika kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa kulikuwa na jaribio la kulizuia.

Jaribio lilikuwapo kweli. Lilikuwa la JUnit, zana ya kuandikia majaribio ya programu za Java, likimtaka mwanachama wa mfano mwenye 3,000 atoe 5,000, na likitarajia IllegalArgumentException, yaani eksepsheni (taarifa ya kosa inayokatiza kazi ya programu) ya thamani isiyokubalika. Lakini nambari ya simu ya mwanachama huyo niliiandika ikianza kwa 07, ilhali metodi (kipande cha programu) ya kutoa pesa hukagua kwanza kwamba nambari inaanza kwa 254, na isipoanza hivyo hurusha eksepsheni ya aina ile ile. Jaribio halikuwahi kufika kwenye salio hata siku moja. Nilipokuja kupanga upya msimbo na kufuta sharti la salio bila kukusudia, likabaki kijani. Laiti ningalikagua ujumbe wa eksepsheni, lingalikuwa jekundu tangu siku niliyoliandika, maana ulisema "Nambari ya simu si sahihi" mahali pa "Salio halitoshi".

Mtindo wa zamani wa @Test(expected = ...) huangalia aina ya eksepsheni peke yake, tena huridhika hata eksepsheni ikirushwa na mstari wa maandalizi. Tangu JUnit 5 ilipotoka mwaka 2017 tunayo assertThrows, ambayo baadaye iliingizwa pia katika JUnit 4.13. Hiyo hufunga mstari mmoja tu unaohusika na kukurudishia eksepsheni yenyewe, uusome ujumbe wake.

Usome kiasi gani? Mimi sipendi kulinganisha sentensi nzima, kwa sababu mwenzako akirekebisha koma, au akitafsiri ujumbe kwa Kiswahili sanifu, majaribio yanaanguka ilhali mfumo haujaharibika. Ninakagua kile ambacho mtumiaji hawezi kufanya lolote bila kukijua: kwamba tatizo ni salio, na kwamba 3,000 na 5,000 zimetajwa. (Wanaotumia pytest, zana ya majaribio ya Python, wajihadhari: match ya pytest.raises husoma maandishi kama rejeksi (regex, mpangilio wa alama za kutafutia maandishi), kwa hiyo nukta hukubali herufi yoyote na mabano hayasomwi kama mabano. Pitisheni maandishi kwanza kwenye re.escape, inayofanya alama hizo zisomwe kama zilivyo.)

Penye uwezekano, nafuu kubwa zaidi ni kuunda aina mahususi ya eksepsheni. Usiku ule niliandika SalioHalitoshi, inayobeba salio na kiasi kilichoombwa, nikairekebisha nambari ianze kwa 254, na kabla ya kurudisha sharti lililopotea nikaliendesha jaribio ili nilione likiwa jekundu. Lilikuwa jekundu. Ndipo nikalirudisha sharti, na asubuhi nikampigia mweka hazina.