Tuangaliane Sisi kwa Sisi

Andiko la juma: Waebrania 10:24–25
"Tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine."

Wapendwa Marafiki,

Kundi dogo la ibada likianza kupungua, akili zetu hukimbilia Jumapili. Tubadilishe nyimbo, tualike mhubiri kutoka mbali, tununue spika, tupake ukumbi rangi. Lakini mwandishi wa Waebrania, aliyewaandikia watu walioanza kuacha mikusanyiko, alitanguliza jambo jingine: kabla ya kusema tusiache kukusanyika, alisema tuangaliane. Ukiwafuata nyumbani waliotuacha, ni wachache watakaotaja nyimbo. Wengi watakwambia walikosa Jumapili tatu mfululizo na hakuna aliyebisha hodi.

Marafiki wa zamani, yaani Waquaker wa kwanza kule Uingereza, walilijua hili. Mkutano wa Mwaka wa London, baraza lao kuu, ulipoanza kuiuliza mikutano ya mahali pengine maswali rasmi, mwaka 1682, ulitaka kujua ni watumishi gani wa Injili waliofariki tangu mkutano uliopita, ni Marafiki gani waliofia gerezani kwa ajili ya ushuhuda wao, na jinsi Kweli, yaani imani yao, ilivyokuwa ikistawi na Marafiki walivyokuwa katika amani na umoja. Hapakuwa na swali kuhusu idadi ya waliohudhuria wala kiasi cha sadaka. Mwaka huohuo, mjini Bristol, Uingereza, watu wazima walipotiwa gerezani kwa ajili ya ibada yao, watoto ndio walioendeleza ibada, wakipigwa na kutishwa. Watoto wasingeweza kufanya hivyo kama wangelelewa kuamini kwamba ibada ni kazi ya mtu mmoja anayesimama mbele.

Sisi wa Afrika Mashariki tumerithi mkondo mwingine. Tangu wamisionari Wamarekani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walipoanzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, Marafiki wameongezeka hadi Kenya ikawa na wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na ibada yetu imezoea mchungaji, kwaya na mahubiri. Ni urithi mwema. Ila unatufanya, tunapobaki watu 12 kijijini au katika mji wa ugenini, bila mchungaji wala kwaya, tujione kama kanisa lililovunjika. Yesu alisema wawili watatu wanatosha.

Basi tuanze na ziara za nyumbani, maana zikikosekana mengine yote hayasimami. Chukua kundi la watu 12 kutoka kaya 7. Ziara moja kwa juma inafikia kila nyumba ndani ya majuma 7, kisha mzunguko unaanza upya. Waende wawili, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, na jozi zibadilishwe kila mzunguko, la sivyo marafiki wa siku zote watatembeleana wao kwa wao. Wapige simu siku moja kabla. Wabebe sukari na majani ya chai, kwa sababu nyumba isiyo na kitu huogopa wageni kuliko njaa yenyewe. Wasikae zaidi ya saa moja. Wasikilize habari za nyumba, wakae kimya pamoja dakika 10, halafu waulize mambo mawili: "Tukuombee nini?" na "Hili tulitaje Jumapili, au libaki hapa?"

Swali hilo la pili msilisahau hata mara moja. Ziara nyingi hufa kwa sababu siri ya sebuleni iligeuzwa ombi la sala mbele ya watu, na tangu siku hiyo mwenye nyumba hujibu "tuko salama tu" kwa kila anayekuja. Ziara nyingine hufa kwa sababu wageni walikumbusha mchango wa ujenzi. Nyingine hufa kwa kuwa zilifanywa kwa wagonjwa na wafiwa peke yao, hata majirani wakaona Marafiki mlangoni wakadhani kuna msiba. Tembeleeni na wenye furaha.

Kuwe na daftari dogo lenye safu nne: tarehe, nyumba, waliokwenda, jambo la kufuatilia. Safu ya mwisho iandikwe kile tu ambacho mwenyewe amekubali kiandikwe, tena kwa maneno ya kazi: "Mahindi hayajavunwa, anahitaji watu wawili Jumamosi." Daftari likae kwa mtu mmoja kwa miezi mitatu, kisha likabidhiwe mwingine. Likiwa la wote, baada ya juma la tatu hakuna anayejua lilipo.

Chakula cha pamoja mara moja kwa mwezi husaidia sana, mradi tukubaliane mapema. Magharibi mwa Kenya mgeni hupewa kuku, na heshima hiyo ni nzuri nyumbani. Kwenye meza ya kundi, kuku wa nyumba moja huifanya nyumba nyingine ione aibu kuleta mrenda wake, na mwezi unaofuata haiji. Kwa hiyo kila kaya ilete sufuria moja ya kile ambacho ingepika siku hiyo hata bila sisi: ugali, kunde, omena, viazi vitamu. Kuku abaki nyumbani. Wanaume nao waoshe vyombo, maana akina mama wakibaki jikoni, nusu ya kundi haimo katika mazungumzo.

Ndani ya ibada, ondoeni mistari ya viti na mkae kwa duara, karibu kiasi cha kuonana nyuso. Ukumbi wa watu 200 ukiwa na watu 12 waliotawanyika huwavunja moyo kabla ya wimbo wa kwanza, afadhali sebule. Baada ya wimbo na somo, kaeni kimya dakika 10, mkiongeza 5 kila mwezi hadi zifike 30. Anayesukumwa na Roho kunena anene mara moja, kisha wengine waache dakika kadhaa zipite kabla ya mwingine kusimama. Akiwepo anayewahi kila Jumapili na kusema kwa muda mrefu, wazee wawili wamwone faraghani kwa upole. Ukimkatiza mbele ya watu, hatanyamaza yeye peke yake. Waoga wote watanyamaza pamoja naye.

Maamuzi nayo yana uzito wake. Watu 9 wakipiga kura 5 kwa 4, hao wanne wana njia fupi sana ya kwenda nyumbani na kutorudi. Desturi ya Marafiki ya kungoja, bila kura, hadi uelekeo wa mkutano, yaani nia ambayo wote wanaikubali, uonekane ni kinga kwa kundi dogo. Karani, anayeongoza kikao, aandike uamuzi papo hapo, ausome kwa sauti, urekebishwe hadi wote waukubali. Usipopatikana, aahirishe.

Kuhusu fedha, msikopeshane kutoka mfuko wa kundi. Kati ya kaya 7, deni moja lisilolipwa linatosha kuondoa kaya mbili, ya mdaiwa anayeona haya na ya mdai anayenung'unika. Margaret Fell, mmoja wa Marafiki wa kwanza, alipoanzisha mfuko wa Kendal, Uingereza, mwaka 1654, ulikuwa wa kuwahudumia Marafiki waliosafiri na waliofungwa gerezani. Fuateni njia hiyo: kiasi kidogo, kwa idhini ya watu wawili, kitolewe kama zawadi. Na pakitokea ugomvi, Mathayo 18:15 ituongoze. Aliyekosewa aende kwanza peke yake, kabla ya jambo kufika kwenye kundi la WhatsApp.

Msihesabu vichwa kabla ya mizunguko miwili ya ziara kukamilika. Katika majuma ya kwanza huenda idadi isibadilike kabisa. Dalili ya kutazamia ni kwamba mtu akikosa Jumapili, kuna mwenzake anayejua sababu bila kuuliza.

Kwa ukimya wa Jumapili ijayo, maswali haya yasomwe mara mbili, polepole, bila majadiliano baadaye: Ni nani kati yetu ambaye hatujui amelalaje juma hili? Nani atakwenda kwake, na siku gani?