Sahani za Dubai

Nyumba yetu ya Isamilo, Mwanza, ilikuwa na sahani sita za udongo, na hakuna mbili zilizofanana. Moja ilikuwa na jogoo. Nyingine ilichorwa kalenda ya mwaka ambao hata sijaolewa. Kwa watu wawili na mtoto zilitosha, wala sikuwahi kuziwaza, mpaka ilipofika zamu yetu ya Meza, Jumamosi ya Julai 2, mwaka 2011.

Meza tuliita hivyo hivyo tu. Tulikuwa nyumba sita: watu wa benki kama mimi, daktari mmoja wa Bugando, mwalimu na mkewe, wenye duka la vipuri Barabara ya Pamba, dada mmoja wa Pasiansi na mumewe, na Mama Mkubwa wa Capri Point, ambaye alikuwa mjane na ndiye aliyetufundisha sote kula. Jumamosi ya kwanza ya mwezi nyumba moja inawalisha wengine. Hakuna katiba iliyoandikwa, lakini ole wako uivunje. Chakula kije kwa awamu, si kumwagwa chote kwa pamoja kama shughulini. Hotipoti isionekane mezani. Mwenyeji anatuma ujumbe wa rangi ya mavazi siku tatu kabla, na ukija na rangi nyingine hakuna atakayekuambia neno, watakuangalia tu.

Mwanza imekuwa jiji tangu mwaka 2000, lakini kwa mambo ya namna hii ilikuwa kijiji chenye taa za barabarani. Ukikosea chumvi Jumamosi usiku, Jumapili baada ya misa unapewa pole. Dar unaweza kumkimbia mtu miaka mitano. Huku kwetu unamkimbia asubuhi, na kabla ya saa sita mmeshakutana kwenye kipilefti ya samaki, yeye amebeba nyanya, wewe umebeba aibu yako.

Kwa hiyo nilihitaji sahani kumi na moja. Tulikuwa kumi na moja kwa kuwa Mama Mkubwa alikuja peke yake.

Dada wa Pasiansi ndiye aliyenisetiri. Aliniletea mwenyewe Alhamisi jioni, kwenye boksi la sabuni, kila sahani imevingirishwa gazeti. Nilipofungua ya kwanza nilinyamaza. Nyeupe pepepe, ukingo una mstari wa dhahabu mwembamba kama uzi, na nzito, zile nzito zinazokufanya ushike kwa mikono miwili. Nilihesabu: kumi na moja kamili. Nikaona ni baraka, kana kwamba alijua idadi ya wageni wangu. Sikujiuliza ni fundi gani duniani anayetengeneza sahani kumi na moja.

“Usimwambie mtu umezitoa kwangu,” alisema.

“Nimwambie nani, dada?”

Chini ya kila sahani kulikuwa na nukta moja ya rangi ya kucha, nyekundu iliyokolea. Hilo halikunishangaza. Mwanamke gani asiyetia alama vyombo vyake? Kwenye misiba na harusi sufuria za watu thelathini hulala uani usiku mmoja, na asubuhi bila alama utaondoka na ya jirani iliyotoboka. Mama yangu alitumia rangi ya bluu ya milango. Nilidhani nukta ni ya dada wa Pasiansi na sikuiwaza tena.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Mwaloni, Kirumba. Niliyemzoea kununua kwake alinipokea kwa sauti ya kuamsha ukoo mzima: “Mwangaluka, mayu!” Nilitaka sangara wawili, si wakubwa. Wapishi wa mahoteli huringia sangara wa kutisha, lakini mnofu wake ukishazidi mafuta hauna adabu kwenye sosi. Chini ya sentimita hamsini hawaruhusiwi kuvuliwa, nami sitaki kesi, basi nikachagua wa kati, mashavu mekundu, jicho bado linaona. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yalikuwa yameshatolewa. Ukiuliza habari za mabondo pale Mwaloni wanakucheka, yale yana safari yake kwenda Uchina na bei yake hailiki. Nikaongeza vichwa viwili kwa ajili ya supu, na sato mmoja wa mtoto, maana mwanangu sangara hali.

Mwaka ule, kama mnakumbuka, ulikuwa wa mgao. Umeme ulikuja na kuondoka kwa saa nyingi, na ratiba iliyotangazwa haikufanana na giza tulilolipata. Oveni yangu ilikuwa kabati la kutunzia sufuria. Nilipika kama bibi yangu: mkaa chini, kifuniko juu, mkaa mwingine juu ya kifuniko, na kuomba Mungu. Viazi vikaiva kwa rangi nzuri hadi mume wangu akauliza nimeviagiza wapi. Supu ya vichwa niliichuja mara mbili kwa kitambaa, ikawa nyepesi na ya dhahabu, ndimu kidogo, bizari kidogo. Kwa mwisho wa chakula nilikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo mama mkwe alituma kutoka Magu. Niliyalaza kwenye maziwa ya nazi na iliki, nikayaweka kwenye vikombe vya kioo. Wasukuma wawili waliokuwapo usiku ule hawakuyatambua mpaka walipoyatafuna, na mmoja alitaka kulia. Lakini hilo ni sifa ya mama mkwe, si yangu.

Nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya mawe, na gari haifiki mlangoni. Wageni waliacha magari chini, wakapanda kwa kushikana mikono, wanawake viatu mkononi. Rangi niliyotangaza ilikuwa samawati. Nilisimama barazani na kuwaona wakipanda wote samawati kwenye miamba ya kijivu, wakihema, wakicheka, na Mama Mkubwa mbele yao na fimbo yake, hasemi kitu, hapumziki.

Umeme ulikatika saa moja na nusu, kabla hata hawajakaa. Sikushtuka. Nilikuwa na mishumaa, na vibatari vinne vipya kutoka Makoroboi nilivyoviweka kwenye chupa za jamu ili visionekane vibatari. Mji wote ukazima kuanzia Bugando hadi Bwiru. Ndipo tukaona ziwa. Mwezi haukuwapo, na usiku usio na mwezi ndio wa dagaa: karabai za wavuvi zilikuwa zimetapakaa juu ya maji mpaka mbali, kiasi kwamba mgeni angedhani mji uko kule na ziwa liko huku tulipo. Daktari alisema tuvute meza barazani. Tukaivuta.

Nitakuwa mwongo nikisema nilikula. Nilitazama sahani. Katika mwanga ule mstari wa dhahabu ulikuwa unawaka na kuzimika kila mtu alipoinua uma. Mke wa mwalimu alipitisha kidole ukingoni kwa Mama Mkubwa kisha kwake, akifananisha, nikajua Jumapili nitasifiwa. Supu ikaenda, bakuli zikaondoka. Samaki akaja. Mwenye duka la vipuri alisimulia habari ya mteja aliyetaka kurudisha tairi alilolitumia miezi saba. Mama Mkubwa alikula polepole kama anavyokula siku zote, akitenga miiba pembeni kwa mpangilio, na sikumwona akiangalia chochote isipokuwa samaki.

Saa tatu na dakika chache umeme ukarudi.

Mtaa mzima ulishangilia, “Umeruuudi!”, na sisi watu wazima wenye samawati zetu tukashangilia pia. Taa ya barazani ilikuwa ndefu, nyeupe, ya bei nafuu, ile isiyosamehe mtu. Tulikodoa macho. Vibatari vikaonekana vibatari. Na Mama Mkubwa, aliyekuwa amemaliza, aliisogeza miiba yake kwenye kisahani cha mkate, akaifuta sahani kwa kitambaa, akaigeuza.

Aliitazama kwa muda unaotosha kusoma barua fupi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la mchuzi, hivyo nilichokiona ni kidole gumba chake kikiwa kando ya ile nukta. Mama Mkubwa hakuwahi kukosa rangi ya kucha, na tangu nimfahamu rangi yake ilikuwa moja, nyekundu iliyokolea.

Niliinua macho kumtafuta dada wa Pasiansi. Alikuwa anakagua nyota.

“Sahani nzuri, mwanangu,” Mama Mkubwa alisema, akiigeuza tena na kuiweka mahali pake bila kuigonga. “Umezitoa wapi?”

Nikasema, na mpaka leo sijui ulimi uliitoa wapi: “Baba watoto alizileta kutoka Dubai, mama.”

Baba watoto alikuwa hajawahi kuvuka mpaka wa Sirari. Alikohoa.

“Dubai,” Mama Mkubwa alisema. “Wanajua kazi.” Kisha akainua sahani yake juu ya bega bila kugeuka. “Niongeze kipande, kidogo tu.”

Matobolwa yalipokwisha na kahawa ikanywewa, aliinuka akaenda jikoni. Niliingia nyuma yake nikamkuta amekunja mikono ya gauni la hariri na kuchukua taulo. Nilimwomba, nikamsihi, nikamwambia mama, shikamoo yangu yote itapotea ukinioshea vyombo nyumbani kwangu. Hakujibu. Aliniashiria beseni. Basi mimi niliosha, yeye akafuta, na kila aliyoifuta aliipanga mezani akihesabu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali rozari.

“Tisa. Kumi. Kumi na moja.” Akasubiri. “Ya kumi na mbili?”

“Zilikuja kumi na moja, mama.”

“Dubai hawauzi kumi na moja.”

Alilikunja taulo mara nne, akaniaga kwa kunishika shavu na mkono uliolowa, na kuteremka miamba na fimbo yake akiwa na daktari na mkewe.

Dada wa Pasiansi alibaki nyuma akijifanya anatafuta mkoba. Nilimkalisha kwenye ngazi. Akasema aliazimwa mwaka 2009, komunio ya mwanawe wa pili. Alitaka kurudisha wiki ile ile, ikanyesha mvua. Wiki iliyofuata Mama Mkubwa alisafiri kwenda Nansio msibani. Mwezi ukapita, na kila mwezi uliopita ulilifanya boksi kuwa zito zaidi. “Unarudisha sahani baada ya miaka miwili unasema nini?” aliniuliza. “Nilidhani amesahau. Ana vyombo kabati tatu.” Kisha akaongeza, kwa uchungu wa kweli, “Na wewe Dubai ya nini? Ungesema umeazima!”

“Uliniambia nisiseme.”

“Usiseme kwangu. Sikukwambia useme Dubai.”

Hatukulala vizuri. Mume wangu alisema suala ni dogo, tuzifunge tumpelekee kesho. Nikamwambia kumpelekea ni kukiri mbele yake kwamba nilimdanganya usoni akiwa amekula samaki wangu, na ni kumtaja dada wa watu. Kutompelekea ni wizi. Alisema basi tuzirudishe Pasiansi, tuwaachie wenyewe. Nikasema Mama Mkubwa ameshaziona Isamilo, zikirudi Pasiansi zitakuwa zimeibwa mara mbili. Akageukia ukutani.

Jumapili nilisifiwa kweli. Mke wa mwalimu alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza kama mume wangu anaweza kumwagizia na yeye, Dubai, hata nusu dazeni. Mama Mkubwa alikuwa hatua tatu kutoka tulipo. Alikuwa anaongea na padri kuhusu paa.

Jumatano jioni bodaboda alipiga honi chini ya miamba. Nilishuka. Alikuwa na kikapu cha ukindu kimefungwa khanga, akasema ametumwa kutoka Capri Point na ameshalipwa, na kwamba ameambiwa aende taratibu kama amebeba mayai.

Nilikifungua sebuleni. Ndani, kwenye magazeti, kulikuwa na sinia refu la samaki lenye ukingo wa dhahabu, bakuli la mchuzi na kifuniko chake, na sahani moja. Nilizigeuza zote. Zote zilikuwa na nukta. Chini kabisa ya kikapu kulikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mwandiko ule wa watu waliosomeshwa na masista, umelala upande mmoja.

*Hizi mlizisahau Dubai.*

Mume wangu alirudi kutoka kazini akanikuta nimekaa sakafuni, nimezizungushia sahani zote kumi na mbili, sinia katikati. Alivua viatu mlangoni ili asikanyage kitu. Alisoma karatasi, akaisoma tena, akakaa kwenye mkono wa kochi.

“Sasa tunazirudisha lini?”

“Kwa nani?” nikamwuliza.