Tikki za viazi kwenye sigiri, bila yai wala mkate

Tikki za viazi, yaani madonge bapa ya viazi vilivyopondwa na kukaangwa, ninazopika siku hizi hazina yai wala chenga za mkate, na nikizigeuza kwenye tawa hazivunjiki. Wenzangu wananiuliza sana, hasa Ramadhani sahani za futari zinapopita nyumba kwa nyumba, naweka nini cha kuzishikisha. Siweki karibu chochote. Kazi kubwa inakwisha kabla sijawasha mkaa wa kukaangia.

Aliyenifundisha ni mama mmoja jirani yetu huku Nkoma, Mbale, karibu na Chuo Kikuu cha Kiislamu. Tikki zenyewe ni chakula cha mitaani cha India ya Kaskazini. Delhi wanazikaanga kwenye tawa pana la chuma, kisha wanazimwagia mtindi na chatini ya ukwaju. Katlesi zetu zinakaribiana nazo, ila katlesi unaichovya kwenye yai, na mara nyingi ina nyama ya kusaga ndani. Tikki ni viazi na viungo, basi. Kiazi kikiwa kibaya, hakuna nyama ya kukifichia aibu.

Kwa hiyo naanzia sokoni. Kigezi ndiko viazi mviringo vinakolimwa kwa wingi zaidi Uganda, lakini sisi wa Mbale tunategemea sana vinavyoteremka kutoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ukifika kwenye mafungu muuzaji atakuuliza, "Kastoma, wataka vya chipsi ama vya mchuzi?" Jibu ni vya chipsi. Hivyo vina wanga mwingi na maji kidogo, na ukivichemsha vinakuwa vya ungaunga. Vya mchuzi hubaki vizima sufuriani, navyo ni vitamu kweli na nyama, lakini kwenye tikki vinateleza na kutoa maji.

Naomba ruhusa nivishike. Napitisha kidole gumba juu ya ganda: likichubuka kirahisi, kiazi kimechimbwa kabla hakijakomaa na maji bado ni mengi. Chenye ukijani nakiacha hapohapo, kwa sababu ukijani huo ni dalili ya sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Jirani alinionyesha pia kipimo cha maji ya chumvi, nacho nimekipenda. Unakoroga kipimo 1 cha chumvi kwenye vipimo 11 vya maji, unatumbukiza viazi. Vinavyozama ni vya wanga, vinavyoelea ni vya majimaji. Sio lazima ufanye hivi kila mara, chumvi nayo ni pesa, lakini ukikuta muuzaji mpya inakusaidia kujua amekuuzia nini.

Viazi navichemsha na maganda yake, vizima, vya ukubwa unaolingana, nikianza na maji baridi. Ukivimenya na kuvikata kwanza vinakunywa maji. "Mwanangu, kiazi kikishalewa maji, hata ukikitilia unga kilo nzima unajisumbua," aliniambia yule mama, na tangu hapo sijabishana naye tena, ingawa kumenya kiazi cha moto ni adhabu kwa vidole. Uma ukipenya bila kusukuma, namwaga maji yote na kurudisha sufuria kwenye sigiri yenye mkaa unaofifia. Naitikisatikisa mpaka maganda yakauke na mvuke upungue. Ndipo namenya, napasua kila kiazi katikati, natandaza kwenye sinia.

Halafu naviacha vipoe kabisa. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Wanga ukipoa hukaza, na mchanganyiko unashikana wenyewe bila kubembelezwa na unga. Kwa futari nachemsha asubuhi, navifunika kwa kitambaa chepesi, naviweka mahali penye ubaridi. Mwenye friji ana raha zaidi.

Kuponda nako kuna namna yake. Kinu sikigusi, maana kiazi kikitwangwa sana kinakuwa kama gundi na hakuna kitakachokirudisha. Natumia ile ya kukwaruzia karoti, upande wa matundu makubwa, au uma tu, na vibonge vidogo navisamehe.

Viungo kwa kilo moja ya viazi: kijiko kidogo cha jira niliyoikaanga kavu na kuitwanga, viwili vya dania kavu, nusu ya garam masala, tangawizi kidogo ya kusaga, pilipili mbuzi moja iliyokatwa ndogondogo, chumvi kijiko kidogo kimoja, na majani ya dania. Majani nayaosha mapema yakauke kabisa. Kitunguu maji nakipaka chumvi, nakikamua kwa kitambaa, na nikiwa na haraka nakiacha nje. Wahindi hutia unga wa embe bichi lililokaushwa ili kupata ukali. Huo siupati kirahisi, na ndimu siitii ndani kwa sababu ni maji hayohayo tuliyokuwa tunayakimbia tangu sokoni. Ukali nauhamishia kwenye chatini. Mwisho vijiko viwili vikubwa vya kornflawa, zaidi kwa ajili ya ganda kuwa kavu kuliko kushikisha.

Napaka mafuta viganjani, nafinyanga madonge, nayabonyeza yawe na unene wa kidole. Kingo zikipasuka nazilainisha kwa kidole chenye mafuta, maana ufa wa pembeni ndio unaoanza kumeguka. Kisha zinapumzika kidogo kwenye sinia.

Tawa langu ni lile la chapati. Mkaa nautandaza uwake sawasawa, nasubiri uanze kuvaa majivu, naweka mafuta ya alizeti ya kufunika chini tu. Namega punje ya mchanganyiko na kuitupia: ikichemka papo hapo, tikki zinaingia, nne au tano tu, zisibanane. Baada ya hapo mikono nyuma. Mwanzoni tikki hung'ang'ania tawa, na ukiingiza kijiko wakati huo unaacha nusu yake chini. Ngoja uone ukingo wa chini umegeuka kahawia na mlio wa mafuta umepungua, kisha tikisa tawa kidogo. Ikiteleza yenyewe, igeuze. Isipoteleza, bado.

Ukwaju tunaupata kirahisi, maana Teso ni jirani na huko wanautia mpaka kwenye atapa, ugali wao. Naloweka kwenye maji ya moto, nakamua, nachuja, nachemsha na sukari, chumvi, jira na pilipili mpaka uwe mzito. Wanafunzi wa chuo wanaokuja kufuturu kwetu hukunja tikki mbili ndani ya chapati pamoja na kabichi na kuimwagia chatini hiyo. Wanangu wao wanataka sosi ya nyanya, nimeshaacha kugombana nao.

Zisizokaangwa zinakaa kwenye friji hadi kesho yake, na unazitia tawani zikiwa na baridi yake. Zilizokwisha kukaangwa zipashe kwenye tawa kavu, taratibu. Ukizifunika zikiwa za moto mvuke utalilainisha ganda lote, kwa hiyo sahani ya jirani naipeleka ikiwa na kitambaa tu juu.